Mgonjwa Atembee Kando ya Maji

Masika yanapokwisha na kipupwe cha Juni kuingia, tambarare ya Gonja huwa katika sura yake nzuri kuliko wakati wowote wa mwaka. Mito inayoshuka kutoka Milima ya Upare wa Kusini bado ina nguvu, mifereji inayolisha majaruba ya Maore na Ndungu haijakauka, na mvua zikiwa zimenyesha vizuri, bwawa la Kalemawe huwa limetanda. Jua la asubuhi halichomi. Nchi za baridi husubiri machipuko ndipo wagonjwa wao watoke nje. Gonja haina machipuko ya namna hiyo, lakini ina majuma haya.

Inasikitisha, basi, kwamba wengi wanaoyahitaji huyapitisha wakitazama dari. Aliyepata kiharusi, aliyeungwa nyonga, aliyetoka wodini baada ya homa ya mapafu, wote hupokelewa nyumbani kwa upendo mwingi na agizo moja: "Bibi, tulia, usije ukaanguka." Maji ya kunywa huletewa kitandani. Hata kiti hakisogezi mwenyewe. Familia huamini kwamba inamtunzia nguvu, kumbe inazimaliza. Mwaka 2007 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti mdogo uliopaswa kubandikwa kwenye kila mlango wa wodi: wazee 11 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, wakapoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Kwa mgonjwa, huongezeka hatari ya vidonda vya kulalia upande mmoja na ya damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Wala kiharusi si ugonjwa wa mijini pekee. Utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba Hai, katika mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 walipata kiharusi kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316.

Hata hivyo, kumsimamisha mgonjwa kwa pupa nako kuna madhara. Jaribio la AVERT la 2015, lililohusisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 2,000, lilionyesha kwamba walionyanyuliwa na kufanyishwa mazoezi mengi tangu saa 24 za kwanza walikuwa na matokeo mabaya zaidi miezi 3 baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Siku za mwanzo ni za wataalamu. Matembezi yanayozungumzwa hapa ni ya mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani na kuambiwa kwamba mguu wake unaweza kubeba uzito.

Kwa huyo, neno "fanya mazoezi" halitoshi. Mazoezi ya kuinua mguu mara kumi kando ya kitanda ni ya lazima, lakini yanachosha moyo, na wengi huyaacha kabla mwezi haujaisha. Safari ya kwenda kwenye maji ina sababu yake. Mferejini, au kwenye ndiva, lile bwawa dogo ambalo Wapare hukusanyia maji ya kumwagilia, kuna watu na kuna habari za zamu ya maji. Kila salamu njiani ni mapumziko asiyoyaonea haya mgonjwa. Ni kipimo pia: anayeweza kujibu salamu kwa sentensi nzima anakwenda kwa mwendo unaomfaa, anayetweta kabla ya kumaliza neno apunguze.

Kwa hiyo mhudumu wa afya aandike matembezi kama anavyoandika dawa: kutoka mlangoni hadi daraja la mfereji, asubuhi na jioni, mkongojo ukiwa mkono wa upande wenye nguvu, msindikizaji akiwa upande dhaifu, nyuma kidogo. Viatu vya kufunga, si kandambili, maana kingo za mifereji huteleza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mguu mmoja kuvimba ghafla ni amri ya kusimama na kwenda kituo cha afya. Na maji yatazamwe tu, yasikanyagwe: mifereji na mabwawa yenye konokono huweza kuwa na kichocho, na ngozi ya mguu uliokufa ganzi haihisi hata mkwaruzo.

Walio juu, Vuje au Mtii, wana tatizo jingine. Huko njia ni mteremko au mpando, na kushuka hutesa magoti kuliko kupanda. Mwenye ndugu Maore angefaidika kukaa kwake majuma machache. Lingekuwa jambo la busara kulipanga kabla ya kutoka hospitalini. Msindikizaji naye ni gharama, kwani siku ya shamba haingoji. Mjukuu aliyetoka shule anaweza, iwapo amefundishwa mahali pa kushika.

Mgonjwa aliyefika mferejini juma la kwanza kwa kupumzika mara nne, akafika juma la tatu kwa kupumzika mara mbili, amepiga hatua kubwa. Habari hiyo iandikwe kwenye daftari lake la kliniki, kando ya presha na uzito.