Rudisheni Mdomo wa Canter

Kabla hujaiona, unaisikia. Jioni pale soko la Kiirua, akina mama wakifunga magunia na watu wa boda wakingoja abiria wa mwisho, mngurumo unatoka barabara ya chini, mkavu, wa kupasuapasua, na steji nzima inageuza vichwa. Ni Canter. Tena ya zamani, ile ya injini ya 4D32, namba inaanza na KA, imejaa waru hadi mbao za pembeni zimetanuka. "Hiyo imefunguliwa!" mmoja anapiga kelele, na dereva, akijua anatazamwa, anakanyaga mafuta zaidi. Moshi mweusi unabaki juu ya mboga za watu.

Imefunguliwa. Ndilo neno letu. Mimi nasema haijafunguliwa, imekatwa. Imekatwa viungo ambavyo mtu aliyeiunda Japani aliviweka kwa sababu. Aliyevikata alilipwa, na aliyelipa akashukuru. Najua, kwa sababu nilikuwa pale nikishukuru.

Kwa msomaji wa Nairobi ambaye anajua tu Subaru za kutema moto Thika Road, wacha nieleze. Nyuma ya kabini ya Canter kuna mdomo mrefu wa plastiki, kama shingo, unaopanda hadi karibu na paa. Hapo ndipo injini inavutia hewa. Hewa inashuka hadi kwenye mkebe wa eakilina wenye kichujio kikubwa cha karatasi, ndipo iingie kwa injini. Kufungua gari ni hivi: mdomo unatolewa, mkebe unatolewa, na mahali pake, chini ya kabini, kando ya injini, inafungwa filta ndogo nyekundu yenye umbo la koni. Kisha sailensa inakatwa kwa grainda na bomba moja nene, lililonyooka, linachomelewa kutoka mbele hadi nyuma. Siku moja inatosha. Sisi tulilipa elfu kumi na nane na soda ya fundi.

Nasema "sisi" lakini wazo lilikuwa langu. Mjomba alinunua hiyo Canter nikiwa darasa la nne. Ndiyo ilinisomesha sekondari, ndiyo ilimlipia mama hospitali, ndiyo ilikuwa inalipa chuo. Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa pili, nilikuja likizo na simu iliyojaa video za Wamarekani wakifanyia pickup zao kuukuu kazi hiyo hiyo, halafu wanakanyaga mafuta na kutabasamu kama watoto. Nikamwonyesha. "Mjomba, hii gari imebanwa. Haipumui." Akanitazama kwa heshima ile ya mzee anayesikia kijana wa chuo akisema mambo ya chuo. "Kama ndivyo mnavyofundishwa huko, sawa." Sikuwa nafundishwa hivyo. Nilikuwa nasomea biashara.

Kitu ambacho sikukiona kwenye zile video ni kwamba pickup zenyewe zilikuwa na injini kubwa za petroli, ama za dizeli zenye taabo. 4D32 ya mjomba ni dizeli ya lita 3.6 isiyo na taabo. Na hapo hesabu yote inabadilika. Kwenye petroli, ukikanyaga pedali unafungulia hewa. Kwenye dizeli ya kizamani kama hii hewa inaingia yenyewe kila pistoni ikishuka, hakuna anayeizuia, na pedali inaongeza dizeli tu. Kichujio cha karatasi kikiwa safi hakibani kitu cha maana. Kwa hivyo ukikitoa, umefungua mlango ambao haukuwa umefungwa.

Fundi anajua hilo, ama anajua angalau kwamba utarudi kulalamika gari ni ile ile. Basi anashika bisibisi na kuongeza pampu. Dizeli inaingia nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza, na ile isiyoungua vizuri inatokea nyuma ikiwa masizi. Moshi mweusi ambao steji nzima inaushangilia ni pesa ya mwenye gari inapaa mbinguni.

Na hewa yenyewe iko wapi? Sehemu kubwa ya Buuri, ukipanda kuelekea Timau, iko mita 2,000 na zaidi juu ya bahari. Kwa mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Ndiyo sababu Canter inalia ikipanda Subuiga, si sailensa. Kitu cha kurudisha hiyo hewa ni taabo, ambayo inaisukuma ndani kwa nguvu. Koni nyekundu haisukumi chochote. Kibaya zaidi, imefungwa pale chini inapovuta hewa iliyochemshwa na injini, na hewa ya moto ni nyepesi. Tulilipa ili gari ipate hewa kidogo zaidi ya kidogo.

Lakini hayo yote ni hasara ya mfukoni tu. Vumbi ni jambo lingine.

Piga hesabu na mimi. Injini ya lita 3.6 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 4,000 za hewa kila dakika. Sasa iweke kwenye barabara ya murram kati ya shamba na lami, mwezi wa nane, wakati huoni gari iliyo mbele yako kwa vumbi jekundu. Ule mdomo mrefu uliwekwa juu kwa sababu vumbi ni jingi chini, pale magurudumu yanapolipiga. Sisi tukauteremsha mdomo hadi kwenye gurudumu. Tena kichujio cha karatasi chenye kazi ya kukamata chembe ndogo tukakibadilisha na kitambaa cha koni ambacho bei yake rahisi inakuambia yote, kikafungwa kwa klampu ambayo ukiishika inacheza. Mchanga ni mgumu kuliko ringi za pistoni. Ukipita ndani unafanya kazi ya msasa.

Kuna watu wanasema, aah, hata magari ya rally yanafunguliwa. Sawa, twende Naivasha. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, wageni walikutana na ule mchanga laini kama unga unaomeza gari. Na miaka ya karibuni magari ya timu kubwa yamekuwa yakifungiwa nini kwa ajili ya Kenya? Mabomba ya kuvutia hewa yanayopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Mdomo wa Canter! Watu wenye pesa zote za dunia wanakuja Kenya kufunga kitu ambacho sisi tunamlipa fundi akitoe. Na injini ya rally inafunguliwa na kukaguliwa na wahandisi. Ya mjomba inaonwa na tanboi, akiongeza maji.

Rafiki yangu mmoja mwenye gereji alisoma nusu ya makala hii akaniambia mimi ni mwongo, kwamba wateja wake wanarudi wakisema gari imepata nguvu. Naamini wanasema. Wengi eakilina yao ilikuwa haijabadilishwa miaka miwili, imejaa kama zulia. Ukitoa zulia, gari lazima ishukuru, hata ungeweka karatasi mpya ya bei ya kawaida. Wengine sailensa yao ilikuwa imeoza ndani na kuziba. Hiyo badilisha, hakuna mtu anakukataza, weka nyingine nzima. Na waliobaki wanasikia kwa masikio. Kelele ikiongezeka, mwili unaamini mwendo umeongezeka. Waambie wapande mlima ule ule na mzigo ule ule, wakishika saa.

Nakubali pia kwamba kwenye gari yenye taabo, bomba pana nyuma yake linaweza kusaidia kweli, moshi ukitoka haraka taabo inazunguka vizuri. Na kama una Subaru yako ya petroli ya wikendi, ifungue, ilipue, usumbue majirani zako, hiyo ni wewe na wao na kanuni za kelele za NEMA za 2009. Sigombani na starehe. Nagombana na mtu anayeuza starehe kwa gari ambayo watu saba wanakula kwayo.

Nimeacha kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia siku ile.

Ndani ya bomba la moshi la Canter, kabla ya sailensa, kuna kifuniko cha chuma. Dereva akivuta kijiti kilicho kwa usukani, kifuniko kinafunga bomba, moshi unakwama, pistoni zinalazimika kuusukuma, na gari inajishikilia yenyewe bila kuchosha breki za magurudumu. Ni breki ya ekzosti. Kwenye barabara tambarare unaweza kuisahau. Ukiwa na tani tatu za shangi, unashuka kutoka Meru kwenda Embu, ndiyo rafiki yako wa kwanza. Fundi alipoweka bomba lake jipya, kifuniko kilibaki sakafuni pamoja na vyuma vingine. Labda alidhani ni uchafu uliokuwa unabana gari. Kwa kweli kilikuwa kinabana. Ndiyo kazi yake.

Dereva wa mjomba aligundua usiku, kwenye mteremko wa Nithi. Mjue Nithi, ile barabara kabla ya Chuka inayoshuka na kukunja hadi darajani. Julai 24, 2022, basi lilianguka pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi basi lile lilikuwa na shida ya Canter yetu, nasema tu mahali penyewe ni wapi. Dereva alivuta kijiti, akasikia kelele za bomba jipya na hakuna kingine. Akakanyaga breki, akakanyaga tena, hadi harufu ikajaa kabini. Alishuka na gia ya pili, taa zimewashwa zote, tanboi ameshafungua mlango na jiwe la kuweka tairi liko mapajani. Walipita. Upande wa pili wakasimama saa mbili wakingoja magurudumu yapoe. Dereva alimpigia mjomba simu akamwambia amefika salama na kwamba hataendesha hiyo gari tena, na hakuiendesha.

Injini ilikufa miezi minne baadaye bila drama. Ilianza kula oili. Ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, moshi unakupiga usoni. Fundi mwingine, mzee, alipitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande ambao unatakiwa kuwa safi, akakitoa chekundu. Hakusema neno. Akampanguzia mjomba kwenye mkono wake, hivi, kama mtu anayepaka mafuta. Laina zote nne zilikuwa zimelika, ringi zimeisha. Oveholi kamili. Muhula ule ada ilienda kwa pistoni, muhula uliofuata gari ilikuwa bado juu ya mawe, na mimi nikaacha kupokea simu za chuo. Mjomba hajawahi kunitajia koni nyekundu hata siku moja. Ningependa anitajie.

Canter inatembea sasa. Mdomo tulinunua wa mtumba kutoka kwa gari iliyogongwa, una ufa umezibwa kwa gundi. Sailensa ni ya kawaida. Kifuniko cha breki ya ekzosti ndicho kilichotusumbua kupata, na ndicho tulichofunga kwanza.

Kwa hivyo ukimpeleka baba yako au mjomba wako kwa fundi anayefungua magari, usimwulize bei. Mwambie akuonyeshe kwa kidole breki ya ekzosti iko wapi, na atairudisha wapi akishamaliza kuchomelea. Akianza kucheka, omba ufunguo.