Uchambuzi: Demon Slayer yajaza kumbi za sinema, wanaoisubiri kwenye simu hawakuwa na tarehe Novemba 2025

Filamu ya katuni ya Kijapani Demon Slayer: Infinity Castle ilianza kuonyeshwa katika kumbi za sinema za China Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025. Ilikuwa karibu miezi minne tangu ilipotoka Japani, tarehe 18 Julai, na miezi miwili tangu ilipoingia Marekani na Ufaransa, ambako inaitwa La Forteresse infinie. Kwa mashabiki wasio na ukumbi wa sinema karibu nao, habari hii ya China ilikuwa na maana moja: kungojea filamu ifike kwenye strimingi, yaani kwenye majukwaa ya kutazama filamu kwa intaneti, kungeendelea.

Kufikia wakati huo wenye filamu walikuwa hawajatangaza tarehe yoyote. Hata hivyo tarehe hazikosekani. Kwenye WhatsApp na TikTok kunapita picha zenye nembo ya Crunchyroll au ya Netflix, siku na mwezi vimeandikwa kwa herufi kubwa. Siku hiyo ikifika na filamu isionekane, picha nyingine inatengenezwa na kutumwa upya. Wanaozisambaza si wote waongo. Wengine wanahesabu tu miezi kwa kufuata filamu zilizotangulia. Shida ni kwamba hesabu hiyo haifanyi kazi kwa filamu inayoendelea kuuza tiketi kwa kiwango hiki.

Tazama tu mauzo. Nchini Japani, siku tatu za kwanza zilileta yeni bilioni 5.5. Siku ya nane, filamu ilikuwa imevuka yeni bilioni 10. Baadaye iliipita Spirited Away ya mwaka 2001 na kuwa ya pili kwa mapato katika historia ya sinema za Japani. Inayoongoza ni Mugen Train ya mwaka 2020, ambayo nayo ni ya Demon Slayer. Huko Marekani na Kanada, siku tatu za mwanzo ziliingiza karibu dola milioni 70, wakati rekodi ya zamani ya katuni ya Kijapani, iliyoshikiliwa na Pokémon tangu 1999, ilikuwa dola milioni 31. Duniani kote mauzo ya tiketi yamevuka yeni bilioni 100, zaidi ya dola milioni 600. Hakuna filamu ya Kijapani iliyowahi kufika hapo.

Kwa kampuni yenye mali kama hiyo, kutangaza siku ya strimingi ni kujipunguzia mapato. Mtu akijua kwamba mwezi ujao atatazama filamu nyumbani kwake, wengi kwa tiketi moja ya mwezi, hatakuwa na haraka ya kulipa ukumbini wiki hii. Na mashabiki wa Demon Slayer hawaendi mara moja. Japani, kumbi hutoa zawadi ndogo kwa watazamaji, picha au kijitabu, na zawadi hubadilishwa kadiri wiki zinavyopita, ili aliyekwisha kuona arudi tena. Kimya kuhusu tarehe ni sehemu ya biashara hiyo.

Cha kuangalia zaidi ni nani anayekaa kimya. Filamu ni mali ya washirika watatu: Aniplex, shirika la uchapishaji Shueisha na studio ufotable iliyoichora. Aniplex ni tawi la Sony. Walioipeleka katika kumbi nje ya Japani na sehemu za Asia ni Crunchyroll wakishirikiana na Sony Pictures. Crunchyroll, jukwaa kubwa la katuni za Kijapani, nalo ni la Sony, lililonunuliwa mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.175. Kwa hiyo anayeuza tiketi na anayemiliki jukwaa linalosubiriwa ni nyumba moja. Hakuna mazungumzo magumu ya bei yanayochelewesha, wala mkataba uliokwama mahali fulani. Siku Sony itakapoona kwamba filamu inaweza kumletea faida kubwa zaidi mtandaoni kuliko ukumbini, itaifungua. Kufikia katikati ya Novemba 2025, siku hiyo ilikuwa haijafika.

Tena Sony ina sababu mpya ya kuwa na subira. Mwaka huohuo wa 2025, tarehe 20 Juni, Netflix ilionyesha KPop Demon Hunters, katuni iliyotengenezwa na Sony Pictures Animation. Filamu hiyo ilikwenda moja kwa moja mtandaoni, ikawa gumzo la dunia, na nyimbo zake zikaimbwa kila mahali. Sifa na wateja vilibaki kwa Netflix. Mwezi Agosti ikapelekwa ukumbini kwa siku mbili, kwa ajili ya watu kuimba pamoja. Kampuni moja, msimu mmoja, filamu mbili kuhusu wawindaji wa mapepo: moja ilianza kwenye simu, nyingine ikawekwa ukumbini kwanza. Ni vigumu kuamini kwamba wakubwa wa Sony hawakuzilinganisha.

Filamu zilizopita zinasema nini kuhusu muda wa kungoja? Zinasema mambo tofauti kabisa. Mugen Train ilitoka Japani tarehe 16 Oktoba 2020 na ikafika mtandaoni Marekani tarehe 22 Juni 2021, miezi minane baadaye. Jujutsu Kaisen 0, ya Desemba 2021, ilichukua miezi tisa: iliwekwa Crunchyroll tarehe 21 Septemba 2022, siku ileile diski zake zilipoanza kuuzwa Japani. Suzume ya Makoto Shinkai ilichukua mwaka mzima. The First Slam Dunk, filamu ya mpira wa kikapu iliyotoka Desemba 2022, ilikaa katika kumbi za Japani karibu miezi tisa, na Wajapani wakaiona Netflix mwezi Juni 2024 tu, mwaka mmoja na nusu baadaye. Kwa upande mwingine Look Back, filamu fupi ya Juni 2024, ilifika Prime Video baada ya miezi minne.

Anayetaka kanuni hapa ataipata moja tu: filamu inayoendelea kupata watu ukumbini haishuki. Look Back haikudumu dakika 60 na haikuwa na mzigo wa mabilioni mgongoni. Slam Dunk ilikuwa nao. Infinity Castle ina mzigo mkubwa kuliko zote hizo, na ni sehemu ya kwanza ya filamu tatu. Wenye mali wanaweza kuamua kuiweka mtandaoni karibu na sehemu ya pili, ili iwakumbushe watu kisa na kuwarudisha kwenye tiketi. Hilo ni kisio, lakini ni kisio lenye msingi mzuri kuliko zile picha za WhatsApp.

Si kila mara ni watu wa nje wanaosubiri. Filamu za studio Ghibli, kuanzia mwaka 2020, ziko Netflix katika nchi nyingi nje ya Japani na Amerika ya Kaskazini, wakati Wajapani wenyewe karibu zote hawazipati kwenye strimingi. The Boy and the Heron ya Hayao Miyazaki, iliyopata Oscar Machi 2024, iliwekwa Netflix Oktoba 2024 kila mahali isipokuwa Japani na Marekani. Mwenye Netflix Lubumbashi aliweza kuifungua kabla ya mtu wa Tokyo. Kwa hiyo hoja kwamba Afrika huwa ya mwisho kwa sababu ni Afrika haisimami kwa kila filamu. Mpangilio unategemea mahali tiketi zinapouzwa na nani amenunua haki za nchi gani.

Hapo ndipo penye swali zito. Muda kati ya ukumbi na mtandao uliwekwa ili kulinda tiketi. Kwa Shanghai, Osaka au Paris jambo hilo linaeleweka. Lakini katika miji mingi ya mashariki ya Kongo hakuna ukumbi unaopokea filamu mpya za namna hii. Bunia au Uvira hakuna tiketi ya kulinda. Shabiki wa huko angelipa kesho kama angefunguliwa mlango, na malipo yake yasingemwondoa mtu hata mmoja kwenye foleni ya ukumbi wa China.

Jibu la wenye filamu linajulikana, na si la kijinga. Nakala moja safi ikifunguliwa kihalali katika nchi yoyote, hata ndogo, ndani ya saa chache itakuwa imenakiliwa na kutapakaa duniani, na ukumbi wa Shanghai utapata hasara. Japani inauogopa wizi huu kiasi kwamba tangu 2007 ina sheria maalumu inayokataza kurekodi filamu ndani ya ukumbi; adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya yeni milioni 10. Kwa hiyo milango yote hufungwa pamoja, na hufunguliwa karibu pamoja. Kwa maneno mengine, mtu wa Bunia anangoja ili tiketi ya mtu wa Shanghai isipotee thamani. Analipia ulinzi wa soko ambalo yeye hayumo, na malipo yake ni muda.

Wengi hawangoji. Kwenye vibanda vinavyojaza filamu na nyimbo kwenye flashi na simu, filamu maarufu hupatikana mapema, zikiwa zimerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi: vichwa vya watu mbele, sauti yenye mwangwi, rangi zimefifia. Kwa filamu nyingine mtu angevumilia. Kwa hii hasara ni kubwa, maana kisa chenyewe si siri. Manga ya Koyoharu Gotouge ilimalizika Mei 2020, vitabu 23, na aliyeisoma anajua nani anabaki na nani anaondoka. Kinachofuatwa ni picha za ufotable, zile ngazi na vyumba vya ngome vinavyopinduka bila mwisho, na hizo ndizo kamera ya wizi inaziharibu kwanza. Anayetazama nakala hiyo anakuwa ameona hadithi aliyoijua tayari, na amekosa kile alichokuwa akikisubiri.

Hata tarehe ikitangazwa, Kongo kuna hatua nyingine. Netflix inapatikana nchini tangu Januari 2016, lakini filamu zilizomo hutofautiana nchi kwa nchi, na Crunchyroll vilevile hugawa haki zake kwa maeneo. Kwa kawaida majukwaa haya yanadai kadi ya benki ya kimataifa, wakati watu wengi pesa zao ziko kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kisha kuna mega. Filamu ina saa mbili na dakika 35. Kwa picha nzuri, saa moja ya strimingi inaweza kula gigabaiti mbili hadi tatu, na aliyenunua mega za wiki ataziona zikiisha kabla ya pambano la mwisho. Nayo VF, filamu iliyotiwa sauti za Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wanaitaka, si lazima iwekwe kila eneo siku moja na ile ya Kijapani.

Kwa wasioweza kufuata njia hiyo, Mugen Train iliacha mfano mmoja. Tarehe 25 Septemba 2021, chini ya mwaka mmoja tangu itoke, televisheni ya Fuji TV iliionyesha bure Japani nzima. Wiki mbili baadaye, kuanzia tarehe 10 Oktoba, kisa hichohicho kilirudi kama mfululizo wa vipindi saba, na vipindi hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye majukwaa pamoja na misimu mingine ya Demon Slayer. Kipindi kimoja ni kama dakika 25, na mtu anaweza kukitazama leo, akanunua mega nyingine, akaendelea kesho. Kwa Infinity Castle, kufikia Novemba 2025 si Aniplex wala Crunchyroll waliokuwa wamesema kama watarudia mpango huo.