Nguo zisipochomwa, zitakwenda wapi?

Mwaka 2018 ilibainika kwamba kampuni ya mavazi ya Burberry ya Uingereza iliteketeza, katika mwaka mmoja wa fedha, bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Lengo lilikuwa kulinda hadhi ya nembo, zisije zikauzwa kwa bei ya kutupa. Kelele zilipozidi, ikaacha.

Ufaransa ilipiga marufuku mtindo huo kuanzia 2022. Umoja wa Ulaya nao umeamua: kuanzia Julai 19, 2026, kampuni kubwa haziruhusiwi kuharibu nguo na viatu visivyouzwa. Za kati zimepewa hadi 2030, ndogo zimesamehewa.

Wenye shaka wanauliza nani atachungulia maghalani, na kama misamaha, mathalani ya nguo zisizo salama, haitageuzwa kichaka cha kujifichia. Wana haki ya kuuliza. Hata hivyo, sheria inazilazimisha kampuni kubwa kutangaza kiasi zinachotupa na sababu zake, jambo ambalo zamani halikujulikana kwa urahisi.

Shaka iliyo nzito inahusu safari ya nguo hizo. Marufuku haipunguzi mashati yanayoshonwa, na kuuza nje hakuhesabiwi kuwa kuharibu, hivyo nguo hizo zinaweza kuishia Afrika Mashariki. Wachuuzi wa mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, wanaonunua robota likiwa limefungwa, wanajua hasara ya kukuta nguo zisizouzika, ambazo hatimaye huwa mzigo wa jalala la Dandora.

Umoja wa Ulaya uziagize kampuni zitaje pia nchi zinakopelekwa nguo zisizouzwa, na forodha za Mombasa na Dar es Salaam zipewe taarifa hizo kabla meli haijatia nanga.