Kilo ni za Mama, Risiti ni ya Baba

NENO LA WIKI
Na Kemunto Ombati

Hapa Nyanchwa, Kisii, hakuna mada inayowasha watu kama hii ya usawa wa mume na mke. Ilete kwenye mdahalo wa vijana Sabato alasiri, au kwa kinyozi, au matangani watu wakisubiri chakula, na kabla hujamaliza swali wanaume watakuwa upande mmoja, wanawake upande wa pili. Kisha yatasemwa yale yale. Mke wa siku hizi hana heshima. Mume wa siku hizi hana mbele wala nyuma. Nani aoshe vyombo, nani aamke mtoto akilia. Juzi kijana mmoja alipigiwa makofi kwa kutangaza kwamba kwake yeye ndiye husonga ugali. Hongera zake. Ila huu mjadala wa jikoni umenichosha, kwa sababu mwenye sauti katika boma la Mgusii hatambuliwi kwa mwiko. Anatambuliwa kwa karatasi: hati ya shamba na nambari ya mkulima wa chai.

Panda asubuhi kutoka mjini uelekee Keroka au Nyamira, usimame kwenye kituo chochote cha kununulia majani chai, kiwe cha Kebirigo, Sanganyi au Kiamokama. Wanaokuja na vikapu ni akina mama na wasichana, leso zimelowa umande hadi magotini. Wamechuma tangu alfajiri, majani mawili na chipukizi lake, shina kwa shina. Karani anapima, mashine inatema kijikaratasi. Mama anakisoma kwa makini kuliko anavyosoma chochote siku hiyo, maana hapo ndipo kilo zinapoibiwa, kisha anakikunja na kukifunga kwenye ncha ya leso. Kilo ni zake. Nambari iliyo juu ya kijikaratasi ni ya mumewe, na mara nyingine ni ya baba mkwe aliyekwisha kuzikwa.

Malipo ya mwezi huingia kwenye akaunti ya mwenye nambari. Bonasi vilevile. Ikifika msimu wa bonasi, baa za Kisii hujaa, na wapo waume wasioonekana nyumbani mpaka noti ya mwisho iishe. Si wote, na najua simu yangu itajaa jumbe za kunikumbusha hivyo. Wapo waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa bonasi hiyo hiyo. Lakini hata mume mwema anampa mkewe pesa ambazo mkewe ndiye aliyezichuma, na tunamsifu kwa ukarimu.

Wanaume nao wana lao, na ni zito. Sensa ya 2019 ilihesabu katika Kaunti ya Kisii watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, wengi wao wakiwa vijijini. Mwanamume wa hapa alilelewa akiambiwa omosacha, yaani mwanamume, ni mwenye ng'ombe, shamba na boma. Ng'ombe wamekwenda. Shamba alilogawiwa babu likagawiwa wana, kisha wajukuu, limebaki ukanda ambao ukitupa jiwe linaangukia kwa jirani. Kilichobaki kumwambia kwamba yeye bado ni mwanamume ni jina lake kwenye ile karatasi. Ukimwambia aandike na la mkewe, anasikia unamwambia ajifute. Mimi simcheki. Naona tu kwamba hofu yake inalipiwa na mtu mwingine.

Na wale wanaosema usawa ni kitu cha wazungu, sijui Moraa Ng'iti wanamweka wapi. Mwaka 1908 mama huyo aliwasuta wanaume wa Kitutu waliokuwa wamekaa kimya Waingereza wakitwaa ng'ombe wao, mpaka mmoja wao, Otenyo, akachukua mkuki na kumchoma Northcote, ofisa wa serikali. Gusii haijawahi kukataa kumsikiliza mwanamke. Inachokataa ni kumwandika.

Tazama hata kanisa lililoijenga Nyanchwa. Waadventista wanasoma maandishi ya Ellen White, mmoja wa waasisi wao, na wanamheshimu kama mjumbe wa Bwana. Lakini Julai 2015, kule San Antonio, Texas, wajumbe wa dunia nzima walipoulizwa kama kila kanda iachiwe kuamua yenyewe kuhusu kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji, 1,381 walikataa na 977 wakakubali. Sauti ya mama inaongoza kanisa zima, lakini kura hiyo haikuwafungulia wanawake orodha ya wachungaji waliowekewa mikono. Siasa nazo ni hivyo hivyo. Majimbo ya bunge ya Kisii na Nyamira ni 13, na mwaka 2022 yote yalichukuliwa na wanaume, baada ya wanawake kupanga foleni za kura tangu usiku.

Ingekuwa ni heshima tu, ningenyamaza. Lakini ni suala la mali pia. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi inayojulikana kama JOO dhidi ya MBO, mume na mke waliokuwa wakigombea nyumba na vyumba vya kupangisha jijini Nairobi. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo. Wengi walishangilia hapo wakaacha kusoma. Majaji waliendelea kusema kwamba usawa ulio katika kifungu cha 45 cha Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi ya shambani kuwa mchango, pamoja na kulea watoto na kutunza nyumba. Vizuri sana. Sasa mama wa Kitutu aende mahakamani akathibitishe miaka 20 ya kuchuma. Ushahidi upo, wa kila siku, umepimwa kwa mizani na kuchapishwa kwa wino, na kila kipande kinasema aliyeleta majani ni mumewe.

Ndiyo maana nasema tuwaache vijana na ugali wao, tuzungumzie nambari. Mume anaweza kumkatia mkewe sehemu ya mashina akamwandikisha kiwandani kwa jina lake. Wapo waliofanya hivyo hapa hapa na boma halijaanguka. Anayeona hilo ni kubwa mno afungue akaunti ya pamoja, saini mbili. Nilipolisema hili mbele ya wazee, mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, na akiondoka na hiyo nambari?" Nilimjibu kwamba akiondoka, mashina yatabaki pale pale yalipo, ardhini kwake, yakimsubiri mtu wa kuamka alfajiri kuyachuma. Mzee alicheka. Mkewe, aliyekuwa amekaa nyuma yake, aliniuliza ofisi ya kiwanda inafunguliwa saa ngapi.