Ngosi peke yangu, na fulana ya Makongolosi

Sisi wa Makongolosi tumezoea jua na vumbi la machimbo, ndiyo maana Mei iliyopita nilikwenda Ziwa Ngosi na fulana tu. Ushamba huo! Nililala Mbeya, alfajiri nikapanda kosta ya Tukuyu, nikashuka Isongole. Mama mmoja muuza viazi akaniasa, "Mwanangu, chukua kijana akuongoze." Nikajifanya mjanja, nikabania hela.

Msitu wa Poroto si mchezo: mianzi, migomba mwitu, matope. Kufika ukingoni, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ukungu mtupu. Ziwa liko chini kabisa, ndani ya shimo la volkano. Nikaanza kuteremka, mguu ukateleza, nikadaka mzizi. Hapo ndipo nikakumbuka hakuna anayejua niko wapi, hata mchumba wangu, maana tulinuniana tangu Jumapili.

Nikapanda tena juu, nikakaa natetemeka. Mara ukungu ukapasuka: maji ya kijani, kimya, hakuna hata mtumbwi. Dakika tano hivi, likafunikwa.

Isongole simu ikashika mtandao. Nikampigia mchumba kwanza, viazi baadaye. Yule mama akaniangalia matope, akacheka tu.