Elimu ya Wanyama: Chura Aliyeongeza Mwendo

Watu wengi hudhani kwamba umbile la mnyama hubadilika kwa maelfu ya miaka, hata mwanadamu hawezi kulishuhudia jambo hilo maishani mwake. Dhana hiyo si sahihi daima. Katika nchi ya Australia yupo chura ambaye miguu yake imerefuka katika muda usiozidi umri wa mzee mmoja. Kisa chake kina mafunzo kwa kila mwenye kazi ya ulinzi, awe mlinzi wa mpaka, wa mbuga, au wa nyumba yake mwenyewe.

Asili ya chura huyo ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwaka 1935 wataalamu wa kilimo cha miwa katika jimbo la Queensland waliwaleta vyura wapatao mia moja kutoka visiwa vya Hawaii, wakitumaini kwamba wangewala mbawakawa ambao mabuu yao yalikuwa yakitafuna mizizi ya miwa. Waliambulia patupu. Mbawakawa walikaa juu ya miwa, mabuu wakajificha chini ya udongo, na chura akajitafutia riziki kwingine. Akazaana, akatoka mashambani, akashika njia ya magharibi.

Chura huyo ana sumu kali katika tezi zilizo nyuma ya kichwa chake. Australia haikuwa na chura wa namna hiyo tangu asili, kwa hiyo wanyama wa huko hawakuwa na hadhari naye wala kinga ya sumu yake. Kenge, nyoka na hata mamba wadogo wa mitoni waliommeza walikufa.

Kati ya miaka ya 1940 na 1960 vyura hao walisonga mbele kama kilomita 10 kwa mwaka. Kufikia mwanzo wa karne hii walikuwa wakipita kilomita 50. Mwaka 2006 wataalamu waliowapima karibu na mji wa Darwin walieleza kwamba vyura waliotangulia kufika walikuwa na miguu mirefu kuliko waliofuata nyuma. Huo si muujiza. Wenye mbio hutangulia. Wakifika mbele hukutana wao kwa wao na kuzaana, na watoto hurithi mwendo wa baba na mama. Mchujo huo hurudiwa kila kizazi. Hata hivyo mbio hizo zina gharama, kwani baadhi ya vyura wakubwa wa kikosi cha mbele wamekutwa na maradhi ya mifupa ya uti wa mgongo.

Wenyeji nao hawakukaa vivi hivi. Nyoka weusi wa sehemu zilizozoeana na chura wameonekana kuistahimili sumu yake zaidi, tena humkataa wakipewa kumla. Waliomla walikufa bila kuacha uzao, waliomwepuka wakazaa. Miaka isiyofika 70 ilitosha kuleta badiliko hilo.

Lakini si kila mnyama aliyepata nafasi hiyo. Kwoli wa kaskazini ni mnyama mdogo mla nyama, mwenye madoa meupe, asiyempita paka kwa ukubwa. Kila mahali chura alipoingia, kwoli walikaribia kutoweka. Mwaka 2003 watunzaji wa wanyama waliwahamishia makumi kadhaa katika visiwa viwili vya pwani ya kaskazini, ambako hakuna chura, paka wala dingo, yule mbwa mwitu wa Australia. Huko walistawi wakawa maelfu.

Mwaka 2016 baadhi yao walifunzwa kumwepuka chura kwa kulishwa nyama yake iliyotiwa dawa ya kichefuchefu, kisha wakarudishwa bara katika mbuga ya Kakadu. Somo la chura walikuwa nalo; la dingo hawakuwa nalo. Dingo wakawaua. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vizazi 13 vya amani visiwani vilitosha kuwapotezea hadhari ya mababu zao. Hata watoto wao waliozaliwa mikononi mwa watunzaji hawakushtushwa na harufu ya dingo wala ya paka.

Hapo ndipo penye fundisho. Kumhifadhi mnyama si kuuhifadhi mwili wake tu. Hapana budi kuihifadhi na tabia inayomwezesha kuishi. Ndiyo maana wataalamu wamegeukia kwoli wachache wa Queensland ambao huzaliwa wakimkwepa chura. Imeonekana kwamba mtoto mwenye mzazi mmoja wa aina hiyo naye humkwepa. Kwa hiyo shauri lililotolewa ni kuwachanganya na kwoli wa sehemu ambazo chura hajafika, ili adui akija akute damu iliyokwisha kumjua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wageni wachache wa mwaka 1935 wangeweza kuzuiliwa sandukuni mwao. Leo hakuna awezaye kuwahesabu. Na yule anayefikiri kwamba kumficha kiumbe mbali na kila hatari ndiko kumlinda, na awakumbuke kwoli wa visiwani. Hata mzazi nyumbani humlinda mtoto kwa kumfunga mlango usiku, lakini mchana humfundisha njia.