Ada Imefutwa, Siyo Uzazi!

Leo sina habari za mapenzi wala za muziki. Nina ugomvi na wazazi wa mtaani kwetu, hasa akina baba. Watakaonuna na wanune.

Juzi jioni nimekaa zangu kijiweni, pembeni ya muuza kahawa. Jirani yetu mmoja, fundi mzuri tu wa kuchomelea mageti, kafika huku kafura kama andazi. Kisa? Mwanawe wa darasa la nne kamletea karatasi ya kuitwa kikao cha wazazi, waelewane juu ya chakula cha mchana shuleni. Jamaa akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake.

"Si wamesema elimu bure? Serikali iwalishe basi!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kabla sijakumbuka kwamba wiki iliyopita huyo huyo alitoa elfu hamsini kwenye kamati ya harusi, tena akataka jina lake litangazwe. Mtoto alikuwa kasimama pale pale anasubiri jibu. Yeye hakucheka.

Sasa jamani, tuongee kiutu uzima. Ada ya shule za serikali imekuja na kuondoka. Shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Januari 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni. Mwaka 2022 ikafika zamu ya kidato cha tano na cha sita. Safi sana! Lakini waraka wa serikali wa mwaka 2016 ulisema wazi kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa ni vya mzazi. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mwanawe, elimu ikiwemo. Kilichofutwa ni ada. Uzazi haujafutwa.

Nina sababu ya kulisema hili. Hiyo Januari 2016 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa. Dingi alipokuwa akitoa ile elfu ishirini yake, maswali yalikuwa hayaishi. "Hesabu umepata ngapi? Hela yangu inaliwa na chaki?" Daftari alikagua, hata mengine yalipokuwa yamempita kimo. Ada ilipofutwa tulishangilia nyumba nzima. Kumbe na maswali nayo yalifutwa siku hiyo hiyo! Kikao hakwenda tena. Nikaanza kutoroka vipindi vya hesabu, na hakuna aliyeuliza. Januari 2018 matokeo ya kidato cha nne yakatoka, ndipo mzee akauliza hesabu nimepata ngapi. Swali lilikuwa limechelewa miaka miwili. Simtupii yeye lawama zote, maana mtoro nilikuwa mimi. Ila mtoro akijua kuna mtu atauliza, huwa anafikiri mara mbili.

Haya, na serikali nayo isijifiche nyuma ya mgongo wa mzee wangu. Mpango ulipoanza, ruzuku ilipangwa 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, na 25,000 kwa wa sekondari. Chukua hiyo 10,000 ugawe kwa siku 194 za masomo. Haifiki hata shilingi 52 kwa siku! Hapo hata andazi hupati, achilia mbali kitabu. Ukifuta ada watoto wanamiminika, na hilo ni jambo la heri. Lakini ukiwafungulia mlango lazima uwe na madarasa, madawati, na walimu wa kutosha. Hiyo si kazi ya fundi mageti wala ya mama ntilie.

Halafu kuna mzazi ambaye kweli hana. Siyo mbahili, hana. Mtoto wake kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango ni kumwadhibu kwa kosa ambalo si lake. Ndiyo maana Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima, wengi walishusha pumzi. Tatizo ni sisi tunaozo na tunajificha nyuma ya wasionazo.

Sasa wewe kijana mwenzangu, uliyepata mtoto juzi au unayetarajia, sikia hili. Kikaoni huendi kutoa pesa tu. Ni pale unapoweza kuuliza ruzuku imeingia kiasi gani na imefanya nini, kwa nini darasa moja lina watoto wengi vile, na mwalimu wa hesabu atakuja lini. Usipofika, hayo maswali nani atayauliza? Mkono mmoja haulei mwana. Serikali mkono mmoja, wewe wa pili.

Nikimalizia kisa changu, jamaa alipoondoka muuza kahawa aliinua kikombe, akaikunjua ile karatasi na kumrudishia mtoto. Ilikuwa na duara jeusi la kahawa katikati, lakini tarehe bado inasomeka. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nimeshaapa nitampitia fundi wetu mlangoni, hata anifukuze na nyundo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.